Ulimi wa Kibwana

Binamu yangu Kibwana alikuwa na miguu ya kupinda, sura ya mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, na masikio ambayo mama yake mwenyewe aliyaombea dua yapungue. Msishtuke. Mama yake alikuwa shangazi yangu, dada toka nitoke wa baba yangu, na kwetu Mkwajuni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Nilikuwa na ruhusa ya kumtukana akiwa hai, nina ruhusa ya kumtukana akiwa maiti, na asiyependa azibe masikio. Yake yangetosha kuziba ya kijiji kizima.

Mimi ni Mwaija. Mkwajuni ni kule kaskazini ya Bagamoyo, mwendo wa asubuhi moja kwa mguu ukiwa na mzigo wa mchicha kichwani, na najua kwa sababu mzigo huo niliubeba miaka kumi na minane. Kibwana naye alikuwa fundi wa visima. Tangu ujana wake, miaka ile ya ishirini na kitu, alishika sepetu na kapu akawa anashuka chini ya ardhi za watu, na kwa kweli alipokuwa chini ndipo alipopendeza zaidi.

Fundi wa kisima alilipwa kuku mmoja kwa kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, aliyochimba. Basi mafundi wengine walichimba kama waliopoteza pete ya mkwe huko chini. Pima tano, pima sita, kuku wanahesabika. Kibwana alikuwa akifika pima tatu, mara nyingine tatu na nusu, anapanda juu, anakung'uta mchanga, anasema, "Basi." Mwenye shamba atasema kamba yake ni ya pima sita, aende tu. Kibwana ataosha miguu. Mwenye shamba ataongeza kuku wa saba. Kibwana atatafuta viatu vyake. Watu wakamwita Kibwana Kifupi, na mimi, kwa haki yangu, nikaongeza mengine ambayo hayaandikiki.

Siri ya kuishia pima tatu ilikuwa ulimi. Siku tatu kabla ya kushuka shimoni Kibwana hakutia chumvi mdomoni. Hakula samaki mkavu, hakutafuna tambuu, hakulamba hata mwiko. Mkewe Dija alimpikia chungu chake peke yake, muhogo mtupu wa kuchemsha na uji usio na kitu, na nyumba nzima ilikaa kwa tahadhari maana njaa ya chumvi ilimfanya awe na maneno makali. Kisha akishuka, kila alipojaza kapu alichukua mchanga kidogo, akauweka ulimini, akafumba macho, akatema. Siku ulimi ukimwambia kitu, anapanda, na hata ungemletea ng'ombe hashuki tena. Aliwahi kuitwa Miono, bara kabisa, ambako bahari wanaisikia kwa wauza dagaa tu, na huko nako akaramba mchanga. Wazee wa Miono walidhani ana mimba.

"Sikiliza, Mwaija," aliniambia siku moja, maana kumueleza mtu mara moja hakukumtosha. "Chini ya ardhi yetu hii maji ya mvua yamelala juu ya maji ya bahari. Hayakuchanganyika. Yamelala tu, kama tui zito linavyokaa juu ya jepesi ukiliacha bakulini. Ukichimba mno unalitoboa la juu. Ukiteka mno unalimaliza, la chini linapanda."

"Na wewe nani alikuambia? Ulikwenda ukalala nao?"

"Ulimi wangu uliniambia."

"Ulimi wako ungekuambia ukoge ningefurahi zaidi."

Lakini kisima cha Mkwajuni, alichokichimba mwaka wa thelathini na moja, hakikuwahi kukauka wala kubadilika. Kilikuwa na sharti lake. Kikitekwa asubuhi, ikifika alasiri Kibwana anaweka tawi la mkwaju juu ya mdomo wake, na hapo kisima kimelala. Hata mkwe wako awe amefika na kiu ya safari, utakwenda kuazima maji kwa jirani. Tulimnung'unikia na tukamtii.

Mimi nilimtii kwa sababu zangu. Bustani yangu ilikuwa hatua thelathini kutoka kisimani. Mchicha, bamia, nyanya chungu, na pembeni matembele. Bustani hiyo ndiyo iliyonipa uso wa kumwambia mume wangu Rajabu anipe talaka yangu aende zake, na alipokwenda nilikula vizuri kuliko nilipokuwa naye. Bila maji yale nilikuwa sina kitu, na pengine ningelazimika kumrudia Rajabu. Sasa mnaelewa jambo lilivyokuwa zito.

Kibwana alikuwa na udhaifu mmoja. Papa. Papa mkavu, aliyepakwa chumvi mpaka akawa mweupe, akaanikwa, kisha akapikwa kwa nazi. Alimpenda papa kuliko kuku, kuliko sifa, na Dija anisamehe, kuliko Dija. Baina ya kazi na kazi alikuwa akimla wiki nzima, na hapo ulimi wake haukuwa na maana yoyote, wala yeye hakujidai kuwa nao.

Basi mwaka wa arobaini na tisa mvua ya masika ikatukimbia. Ilinyesha siku nne, ikaona aibu, ikaacha. Na mwaka huohuo Husseni akarudi kijijini. Husseni alizaliwa Mkwajuni, akaenda kufanya biashara mjini Bagamoyo, na sasa amerudi na kofia ya Kizungu, suruali ya mikunjo, na injini ya kuvuta maji. Injini ilikuwa ya kijani, na ilikohoa kama mzee wa kifua kikuu. Akateremsha mpira kisimani, akaupeleka shambani kwake, akapanda nyanya na vitunguu vya kuuza mjini wakati mji mzima hauna mboga. Alipoulizwa alisema kisima kile kiko katika ardhi ya marehemu baba yake. Kweli kilikuwa huko, ila marehemu alikitoa sadaka kwa kijiji chote, na maneno hayo Husseni aliyameza kila alipoyafikia.

Injini haikujua alasiri. Kibwana aliweka tawi lake, Husseni akaliondoa kwa vidole viwili, akalitupa.

Haukupita mwezi, sabuni yangu ikakataa kutoa povu. Kunde zikachemka mchana kutwa zisiive. Kisha ncha za mchicha zikaanza kuungua, kahawia, kama zimepitishwa motoni. Nikachuma jani nikalitafuna, likawa na chumvi. Nilikwenda mbio kwa Jumbe Seleman, mkubwa wa kijiji, ambaye barazani kwake niliona kikapu cha nyanya nzuri sana.

"Jumbe, kisima kinakufa."

"Husseni anasema maji ni yaleyale."

"Husseni hanywi maji, anakunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko!"

Jumbe alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa nyanya. "Tutamwita Kibwana," akasema. "Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, aonje mbele ya watu. Akisema chumvi, injini inazimwa. Akisema matamu, wewe Mwaija unanyamaza. Ulimi wake ndio utakaohukumu."

Nikarudi nyumbani naimba. Niliona nimekwisha shinda.

Siku ya Alhamisi watu walijaa kisimani. Husseni yupo, ameegemea injini yake iliyonyamaza, na ana tabasamu ambalo sikulipenda. Kibwana akaja kwa miguu yake ya kupinda, hatazami mtu. Akachota kata, akanywa, akafumba macho. Watoto wakajipenyeza mbele. Akafumbua macho.

"Matamu," akasema.

"Rudia!" nikamwambia.

Akanywa tena. "Matamu. Hayana kitu."

Nilimwona midomo yake. Iling'aa. Nikamrukia, nikaukamata mkono wake wa kulia, nikaunusa, na hapo nikajua. Ilikuwa harufu ya papa, papa wa nazi, amemla mchana huohuo, na mtu aliyejaza mdomo chumvi hata mkojo wa ngamia ataona sharubati.

"Amekula papa!" nikapiga ukelele. "Jumbe, huyu fisi amekula papa wa Husseni! Njooni mnuse vidole vyake! Amekiuza kisima kwa sahani ya wali!"

Kijiji kizima kikaangua kicheko.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwanamke mmoja aliniambia, "Ah, Mwaija, leo umepatia!" Walidhani utani. Maana maisha yangu yote, kila harusi, kila matanga, nilikuwa nimemwita Kibwana fisi, mlafi, mwizi wa ubwabwa, na kila mara walicheka hivihivi. Siku moja tu niliyosema kweli, hakuna aliyenisadiki. Hata Jumbe alijifuta machozi ya kicheko, akasema shauri limekwisha, na injini ikaanza kukohoa. Kibwana hakucheka. Alivuta mkono wake taratibu, akaenda zake.

Asubuhi yake aliamka, akanywa maji ya mtungini kwake, akayatema. Dija ndiye aliyenieleza. Alijua sasa. Lakini akanyamaza, maana mtu mzima kusimama mbele ya watu akasema nimeuza jina langu kwa mlo mmoja, si jambo jepesi. Injini iliendelea kuvuta, asubuhi mpaka magharibi.

Nilitaka kumpiga. Kisha nikapata jambo kali kuliko kumpiga. Nilipokutana naye njiani nilisimama, nikajitanda kanga vizuri, nikamwambia, "Sabalkheri, bwana Kibwana. Habari za nyumbani? Dija hajambo?"

Alisimama kama aliyekanyaga mwiba. Mimi na yeye tangu tukiwa watoto wa kutambaa hatukuwahi kuamkiana bila tusi. Heshima baina ya watani ni kama kumfungia mtu mlango. Kesho yake nikamwamkia tena hivyohivyo, kwa upole, na nikamwombea afya. Siku ya tano alinishika upindo wa kanga. "Mwaija, nitukane basi," alisema. Nikamjibu, "Mwenyezi Mungu akuzidishie, bwana," nikapita.

Siku ya tisa hakuweza tena. Tulikuwa kisimani, foleni ndefu, na Jumbe yupo amekuja kuchukua nyanya zake. Kibwana akaja akasimama mbele ya injini, akavua kofia yake.

"Alhamisi ile nilikula papa," akasema. "Husseni aliniita mchana. Nilikwenda kukataa."

"Ulikwenda kukataa na mkono umekwisha nawa?" nikasema. Yalinitoka tu.

Wawili watatu walianza kucheka, wakaona kichwa chake kitupu, wakaacha.

"Nilikula sahani mbili," Kibwana akaendelea. "Mwaija alisema kweli, na nyinyi mlicheka, na mimi niliwaacha mcheke. Maji haya ni chumvi. Yalikuwa chumvi siku ile."

Jumbe aliinama, akatazama kikapu alichokishika, akakiweka chini. Akamwambia Husseni azime. Husseni alipiga kelele mbili tatu za ardhi ya baba, lakini vitunguu vyake vyenyewe vilikuwa vimekwisha kunyauka, na watu hawakuwa na uso wa kutaniwa. Wiki ileile aliifunga injini kwenye mkokoteni akarudi mjini.

Kuzimwa kulikuja kumechelewa. Siku tisa zile ndizo zilizomaliza. Maji yalikuwa chumvi ya kutapisha, na bustani yangu ikafa tuta kwa tuta. Tulianza kufuata maji kwenye kijishimo cha bondeni, mwendo wa saa nzima, maji ya rangi ya chai, na kwa zamu. Kibwana alifunika kisima kwa magogo ya minazi, akaweka tawi la mkwaju juu yake.

"Kilale," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua iyasukume yale ya chumvi yarudi chini. Asichote mtu hata kata moja, mpaka niseme."

Nilimwambia, "Umeniuza, Kibwana. Umeniuza kwa papa, na hata kipande hukuniletea." Nililia nikimwambia. Yeye naye alilia, na akilia anakuwa mbaya zaidi.

Sikumrudia Rajabu. Nilisuka mikeka mpaka vidole vikatoka damu, nikaiuza mjini, nikaishi. Kibwana hakuchimba tena kisima cha mtu. Alichukua sepetu, akaenda mteremko ulio juu ya kisima, akaanza kuchimba mabeseni mapana ya kina cha goti, na mbele ya kila moja tuta la kuzuia maji, ili mvua ikija isikimbilie baharini, ikae pale inywewe na mchanga. Alichimba peke yake, hakuna kuku. Watu wakasema Kibwana Kifupi sasa anachimba makaburi ya paka. Kila masika mabeseni yalijaa, yakakauka, akayazibua, akachimba mengine. Na chumvi aliiacha moja kwa moja, si siku tatu tena. Miaka sita Dija alipika vyungu viwili. Harusi zikapita, Idi zikapita, Kibwana anatafuna muhogo mtupu na macho yako kwenye sahani za wenzake.

Kila mwezi ukiandama alikwenda kisimani, akasogeza gogo, akachota kidogo, akaonja, akatema. Sisi tunasubiri kando.

"Bado," anasema. Anarudisha gogo.

Mimi nami nikarudia kumtukana, maana kazi ni kazi.

Masika ya sita, mwaka wa hamsini na tano, mvua ilinyesha kama iliyokuja kuomba radhi. Lakini Kibwana alikuwa kitandani. Kifua kilimshika, na mwezi ulipoandama hakuweza hata kukaa. Akaniita.

"Nenda ukaonje."

"Kwa nini mimi? Mtume Dija."

"Dija anabwia ugoro, ulimi wake ni kisigino. Nenda wewe. Nataka kujua, Mwaija."

Nilikwenda. Nikasogeza gogo, nikachota, nikanywa. Wallahi, yalikuwa matamu! Nilikimbia, mwanamke mzima, kanga mkononi, nikaingia chumbani nahema.

"Kibwana! Matamu! Kisima kimerudi!"

Macho yake yakajaa. Alifungua mdomo kusema kitu, kisha akanitazama vizuri.

"Jana ulikula nini?"

Nikasimama palepale. Jana yake nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu. Na nilikuwa nimekula mpaka nikafungua mkanda.

"Sema, Mwaija."

Ningeweza kudanganya. Mpaka leo nalitazama jambo hilo nikiwa peke yangu. Ningesema muhogo, angelala ametulia.

"Papa," nikasema.

Alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, Dija akaja kumshika mgongo, na yeye bado anacheka na kuninyooshea kidole. "Siku tatu," alisema alipopata pumzi. "Muhogo mtupu, siku tatu. Kisha ukaonje, uje uniambie." Ndiyo furaha ya mwisho niliyomwona nayo.

Alikufa siku ya pili, adhuhuri.

Nilifanya yanayompasa mtani. Jeneza lilipotaka kutoka nililala mlangoni, nikasema fundi haondoki na sepetu ya watu, nataka kuku wangu wote. Walioikomboa njia walinipa jogoo mmoja mwembamba. Kwa wachimba kaburi nilipeleka ujumbe wasizidi pima moja, asije akaonja mchanga akagoma kulala. Watu walicheka na kulia kwa pamoja, kama inavyotakiwa. Lakini walipoleta wali wa matanga, na mchuzi, mimi nilikaa pembeni na muhogo wangu wa kuchemsha. Dija aliniona. Akanisogezea maji ya kunawa.

Muhogo wangu ulipotimiza siku tatu, asubuhi yake nilikwenda kisimani peke yangu. Niliondoa tawi la mkwaju, nikasogeza gogo, nikateremsha ndoo. Nikaweka maji ulimini, nikafumba macho kama alivyofumba yeye. Nikasubiri. Nikatema, nikachukua mengine, nikasubiri tena. Mara ya tatu nikameza.

Yalikuwa matamu. Yalikuwa matamu siku ile niliyokwenda kumwambia, na alikufa hajui, kwa ajili ya sahani yangu.

Nilijaza kata, nikaibeba kwa mikono miwili mpaka makaburini, isimwagike. Mchanga wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi. Nilichuchumaa upande wa kichwani, nikamimina polepole, ukanywa wote.

"Haya, onja mwenyewe, mlafi wewe," nikamwambia. "Mimi jana sikula kitu."